Dawa ya Mama Mkwe Ni Bahari

Jumatatu, 8 Februari 1965

Nimeanza daftari hili leo. Mtu anapogundua jambo kubwa ni vizuri tarehe yake ijulikane.

Jambo lenyewe ni hili. Juzi nilikwenda Tiwi kupeleka mapazia niliyomshonea yule bibi wa Kizungu mwenye nyumba ya ufuoni. Vitambaa vilivyobaki akanifungia kwa ukurasa wa gazeti lao. Nilipofika nyumbani nikausoma wote. Nimefika darasa la saba, Kiingereza hakinitishi. Ukurasa unasema kwamba mtu anayeishi karibu na maji hupumua vyema, hulala vyema, moyo wake hutulia na viungo vyake hulainika. Hewa ya bahari, sauti ya mawimbi, kuyatazama maji, kuyaoga. Chini umechanika, lakini nilichokisoma kinatosha.

Sasa basi. Nyumba yangu iko hapa Msambweni, na maji yakijaa, unaweza kuvua samaki kupitia dirisha la nyuma. Mama mkwe wangu, Bi Mwanafatuma, yuko Kikoneni, katikati ya mikorosho. Tangu baba mkwe afariki mwaka jana, magoti yanamuuma, usiku halali, chakula hakipiti. Na mke wangu Asiya yuko huko huko akimuuguza, tangu kabla ya Ramadhani. Nimefunga mwezi mzima peke yangu. Nimefuturu kwa uji nilioupika mwenyewe. Jumatano iliyopita ilikuwa Idi na nimeila peke yangu vilevile, na paka. Nisiseme zaidi.

Jawabu ni jepesi. Mama aletwe kwenye maji, apone, akae. Akikaa yeye, Asiya naye anakaa. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Jumanne, 9 Februari

Nimemweleza Masila. Nimekosea.

Masila ni fundi wa baiskeli. Tunagawana baraza moja pale dukani, cherehani yangu upande huu, spoki zake upande ule. Ni Mkamba. Alishuka kutoka mashamba ya Shimba Hills miaka miwili iliyopita, na sina neno naye isipokuwa lile la kisima. Mimi niliyezaliwa hapa nilichimba kisima uani kwangu nikapata maji ya chumvi, nikakifukia. Yeye aliyekuja juzi alichimba kwake, ng'ambo ya njia, akapata maji matamu. Sasa kina mama wa mtaa mzima wanateka kwake kila asubuhi, na mkewe, Kavata, amekuwa kama liwali.

Masila alinisikiliza hadi mwisho huku akiziba pancha. Kisha akasema kwamba hewa ya bahari hula mnyororo wa baiskeli ukaisha, sembuse goti la mama wa watu. Nikamwambia goti si chuma. Akasema kumbe. Jinsi alivyolisema hilo kumbe sikuipenda.

Alhamisi, 11 Februari

Wamefika! Wote wawili, juu ya lori la machungwa.

Nilikwenda Kikoneni jana. Kazi haikuwa ndogo, maana mkwe hazungumzi na mkwewe uso kwa uso. Kwetu ni aibu kubwa. Nilisimama nje ya dirisha nimeupa ukuta mgongo, nikamsomea Asiya ukurasa wangu, Asiya akampelekea maneno chumbani mama yake, ambaye alikuwa ameshayasikia yote. Mama akamwambia Asiya aniambie kwamba yeye ni mzee, hajapungukiwa na maji, ana mtungi. Nikamwambia Asiya amwambie kwamba si maji ya mtungi. Tukaenda hivyo mpaka adhuhuri.

Mwishowe amekubali kwa sharti. Atakaa kwangu mpaka mwezi uandame. Akiwa amepata nafuu, atahamia, na shamba litaangaliwa na shemeji. Akiwa hajapata, atarudi kwake, Asiya atarudi naye, na mimi nisiende tena Kikoneni na karatasi za Wazungu. Asiya aliponiambia hilo la mwisho hakuweza kunitazama. Amekonda. Nilitaka kumshika mkono lakini mama yake alikuwa anakohoa nyuma ya mlango.

Wamelala chumbani, yeye na mama yake. Mimi niko sebuleni juu ya mkeka. Mke wangu amerudi nyumbani na tumetenganishwa na ukuta. Si kitu. Mwezi utaandama.

Jumamosi, 13 Februari

Hewa. Jana niliyang'oa madirisha yote mawili ya chumba cha Mama ili upepo wa kaskazi upite vizuri. Nikakitelezesha kitanda chake hadi ukuta wa nyuma, upande wa mawimbi, apate na sauti pamoja. Dawa mbili kwa wakati mmoja.

Leo ana mafua.

Asiya alikuwa ametoka kwenda kuteka maji kwa Masila, na mimi nilihitaji kujua Mama amelala vipi. Kwa hiyo niliongea na paka. Nilisimama ukumbini nikamuuliza paka kwa sauti ya adabu kama watu wameamka salama. Mama akamjibu paka, kutoka ndani, kwamba watu hawajaamka kwa sababu watu hawakulala. Akamuuliza paka kama kile kitu huko nje huwa kinachoka. Paka hakunisaidia. Ilibidi nimweleze Mama, kwa njia ya paka, kwamba ile ndiyo sauti ya afya.

Mama akapiga chafya.

Jumapili, 14 Februari

Kuyatazama. Nimemtengenezea Mama kiti cha uvivu, nimekipamba kwa mto nilioushona jana usiku, nikakiweka upenuni kikiielekea bahari. Nikaondoka kwa heshima. Niliporudi, kiti kilikuwa kimegeuzwa. Kimeielekea njia.

Nikakigeuza tena alipoingia kuswali. Alasiri kimegeukia njia.

Asiya anasema Mama amemwambia kwamba bahari ameshaiona, ni ileile. Njiani angalau mtu anapita. Nimewaza kwamba labda macho yake hayafai kwa rangi ya buluu. Ukurasa haukusema lolote kuhusu macho.

Masila ametoka kanisani akapita pale pale. Mama amempigia hodi yeye, badala ya yeye kumpigia Mama! Wakaulizana hali muda mrefu, na yeye Masila, kwa kuwa si mkwe wa mtu, alimtazama usoni bila wasiwasi wowote. Niliyaona yote kupitia tundu la mlango. Sikufurahi.

Jumatatu, 15 Februari

Imebaki kuoga, na kuoga ndiyo dawa kubwa. Hayo mengine yalikuwa utangulizi.

Tatizo ni adabu. Mama hawezi kuingia baharini mchana kweupe kama watoto. Asiya anasema hata siku ya kuoga mwaka, watu wote wanapoingia baharini, yeye hubaki nyumbani. Nimefikiri mpaka cherehani ikapoa. Kisha nikapata. Hema! Hema lisilo na sakafu, miti minne ya mkoko imechimbiwa mchangani, turubai pande zote, mlango wa kufunga kwa kamba. Mama anaingia, anaketi juu ya kigoda, maji yanamjia kidogo kidogo, hakuna jicho la mtu linalomfikia.

Turubai ninalo. Ni la Masila, lile analofunikia baiskeli za watu mvua ikinyesha. Kaskazi hii mvua iko wapi? Nimeliazima bila kumsumbua kwa kumuuliza.

Jumatano, 17 Februari

Naandika nikiwa na nguo za kuazima.

Kila kitu kilianza sawasawa. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, nikachimbia miti yangu mbali kidogo, mahali pazuri, penye mchanga laini. Hema lilisimama wima kama msikiti mdogo. Asiya alimbembeleza mama yake tangu jana, na Mama akakubali. Asiya anasema alimwambia hivi: tumpe kijana nafasi yake. Kijana ni mimi. Moyo wangu ulijaa.

Adhuhuri maji yalikuwa yamefika magotini. Mama akaingia hemani na kanga zake. Asiya akasimama nje ya mlango. Mimi, kama inavyompasa mkwe, nikaketi ufuoni mgongo ukiielekea bahari, nikatazama minazi. Sikugeuka hata mara moja. Mtu yeyote wa hapa atanishuhudia kwamba adabu niliitimiza.

Jambo ambalo mtu aliyeketi hivyo halioni ni maji. Na mwezi juzi ulikuwa mpevu. Haya ni maji ya bamvua, ambayo hujaa kuliko siku zote na hayana subira. Mimi nimezaliwa hapa, ninayajua maji ya bamvua tangu sijajua kutembea. Lakini nilikuwa ninatazama minazi.

Nilimsikia Asiya akiniita. Nikadhani ananiambia Mama amefurahi. Nikanyoosha mkono juu kumjibu bila kugeuka. Akaniita tena, kwa jina langu kamili, Alfani bin Shehe, na hapo nikajua mambo si mazuri.

Ilibidi niingie baharini kinyumenyume. Nifanye nini? Hema limeng'oka, turubai linaelekea Pemba, na mama mkwe wangu yuko majini na kanga zilizolowa. Nikitazama mbele nimekosa adabu, nisipoingia nimekosa utu. Nilipiga hatua kama kumi za kurudi nyuma, nikakanyaga kigoda, nikaanguka, nikanywa sehemu kubwa ya dawa mimi mwenyewe.

Aliyemtoa Mama ni Asiya, na Kavata. Ndiyo, Kavata wa Masila. Alikuwa amekuja kuniuliza kama nimeliona turubai la mumewe. Akaliona. Kavata anaiogopa bahari, ameniambia mara nyingi kwamba maji yasiyo na ng'ambo si ya kuaminiwa, lakini aliingia mpaka kifuani na viatu vyake. Wakamshika Mama huku na huku wakamtoa. Asiya amekanyaga mwamba, mguu umechanika vibaya. Mama hana jeraha.

Walipokuwa wamemfunika, nilimsikia Mama akilia. Si kwa sauti. Alikuwa anasema anataka kwenda kwake.

Nimekaa nyuma ya nyumba mpaka magharibi.

Alhamisi, 18 Februari

Wataondoka. Asiya ameniambia. Wanangoja tu mguu wake uweze kupanda lori.

Nilimwambia mwezi haujaandama. Akasema mama yake hataki tena kungoja mwezi. Akaniambia pia kwamba hana hasira na mimi, na hilo limeniuma kuliko kama angekuwa nayo. Kwamba ameikumbuka nyumba hii kila siku ya Ramadhani. Lakini hawezi kumwacha mama yake peke yake kwenye mikorosho, akizungumza na kuta.

Nimeuweka ukurasa wangu chini ya mkeka. Sitaki kuuona leo.

Jumamosi, 20 Februari

Maji ya kunywa yamekwisha ndani. Asiya hawezi kutembea. Nikachukua ndoo nikaenda mimi kwa Masila, nikafika kisimani, nikakuta kina mama kumi na zaidi, wote wakanigeukia, kisha mmoja akaniuliza kama nimekuja kuoga. Nikarudi na ndoo tupu.

Mama alisikia. Alimwambia Asiya kwamba yeye ana miguu miwili na anadaiwa shukurani na Kavata. Akajitanda, akachukua ndoo ndogo, akatoka. Nilimfuata paka hadi mlangoni nikamwambia paka kwamba mgonjwa hateki maji, haijaandikwa popote. Mama akampita paka.

Aliondoka jua likichomoza. Adhuhuri hajarudi. Nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu alipotokea na ndoo imejaa nusu, Kavata nyuma yake amemchukulia nyingine kichwani.

Jumanne, 23 Februari

Jambo la ajabu. Mama anakoroma. Nimemsikia kupitia ukutani, na bahari inapiga kelele ileile. Leo amekula wali na papa, akaomba aongezwe.

Anakwenda kisimani kila siku alfajiri. Nilidhani anakwenda kwa kuwa Asiya hawezi, lakini mguu wa Asiya umepona tangu jana na Mama amemwambia akae tu, atakwenda yeye. Magoti hayatajwi, wala lori la kurudi.

Nimeutoa ukurasa chini ya mkeka.

Ijumaa, 26 Februari

Nimefanya uchunguzi. Baada ya kuwaaga kwamba ninakwenda dukani, nilipita nyuma ya kitalu cha mihogo cha Masila nikakaa hapo, uso nimeugeuzia pembeni, masikio nimeyaacha wazi.

Kwanza, turubai. Wavuvi walilirudisha kwa Masila, naye amelitandaza juu ya kisima kwa miti minne ileile ya mkoko, kina mama wapate kivuli. Mishono yangu ndiyo inayolishikilia. Hakuna aliyelitaja hilo.

Chini yake wameketi. Mama yuko katikati, anasuka ukili, anawafundisha wawili namna ya kuanza mkeka. Kavata anamenya njugu. Mama anamsimulia habari za marehemu mumewe, jinsi alivyowahi kumnunulia mbuzi dume akidhani ni jike na akamlinda miezi akingoja maziwa. Wanacheka wote. Mama anacheka! Kavata anasema kwa Kiswahili chao cha bara kwamba wanaume wa makabila yote waliumbwa siku moja. Mama anasema eti hata mkwe wake, ni mtoto mwema, moyo wake ni mweupe, lakini akipewa wazo hulibeba kama mtungi uliotoboka, huku ameloa na huku anakwenda.

Sikuelewa walichochekea hapo. Lakini mtoto mwema nimelisikia vizuri.

Niliondoka na chupa. Nilikuwa nimeijaza kisimani mapema kabla hawajafika. Nimeyaonja maji ya Masila mara tatu nikiwa nimefumba macho. Hayana kitu. Ni maji tu. Ndipo nilipoelewa: dawa isiyo na ladha ndiyo dawa kali.

Alhamisi, 4 Machi

Mwezi umeandama. Tumeuona sote, mwembamba, juu ya minazi. Baada ya Isha Mama alimwita Asiya, na mimi nikasimama ukumbini na paka.

Anakaa.

Ameshamtumia shemeji salamu aangalie mikorosho. Kile chumba kidogo cha mbele ninachowekea vitambaa, kinachoangalia njia, anakitaka yeye. Chumba chetu kimerudi kwetu.

Kisha Mama akasema na mimi. Si kwa paka wala kwa Asiya. Alisema kutoka ndani, nyuma ya pazia, taratibu, kwamba mwanangu Alfani, Mungu akuweke, kule nilikuwa ninakufa kwa ukimya, na wewe umenileta kwa watu.

Machozi yalinijia, sifichi. Lakini ukweli lazima usemwe, kwa hiyo nikamsahihisha kupitia pazia, kwa adabu zote. Nikamwambia, kwa maji, Mama. Nimekuleta kwa maji.

Kisha Mama akasema haya, baba, kwa maji.

Baadaye Asiya alinieleza kwa upole, amenishika mkono, kwamba mama yake alikuwa amekosa wenzake, ndiyo yote, na kwamba pale kisimani amewapata. Ananieleza kama mtu anayemvisha mtoto shati. Nilimsikiliza. Nilifurahi mno kuwa naye hata sikutaka kubishana. Lakini Asiya hajausoma ukurasa.

Ijumaa, 5 Machi

Sikulala sana kwa kuwaza, na si kwa ubaya.

Mama amepona kwa maji ya kisima, hilo limekwisha. Lakini tazama taabu anayopata kuyafikia! Mtu wa umri wake atoke alfajiri, avuke njia, akae asubuhi nzima katika kelele za wanawake kumi, chini ya turubai la mtu mwingine. Kama amepona hivi katika hali hiyo, angekuwaje akiyapata maji hapa hapa, hatua mbili kutoka kitandani, peke yake, kwa utulivu, bila kuwa na haja ya kuonana na mtu?

Nimesubiri Mama na Asiya waende kwa Kavata, nikachukua jembe na sepeto. Ninachimba ndani ya ua, chini ya dirisha la kile chumba cha mbele. Na si pale nilipochimba zamani, mimi si mjinga. Nimesogea kushoto kidogo. Ukuta nitaupandisha juu, wapita njia wasimsumbue.

Masila amepita akaegemea ua. Ameniuliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia ni zawadi, ya ghafla, asimwambie mtu. Akatazama shimo, akanitazama mimi, akasema kumbe. Kisha akaenda zake kwa haraka upande wa kisimani, bila shaka kwa wivu.

Nimefika kiunoni. Mchanga umeanza kuloa. Nimechota kidogo kwa kiganja nikaonja.

Chumvi si nyingi. Mama ataizoea.